Feleji na Rangi za Moto Katika Nchi ya Buhaya

Kisu cha feleji kilichosuguliwa kikang'aa, kikiwekwa juu ya makaa na kuachwa hapo kwa kitambo, huanza kugeuka sura yake kabla hakijapata wekundu wowote wa moto: kwanza weupe wake huingiwa na umanjano hafifu kama wa mabua makavu, kisha umanjano huo hukolea hata ukawa hudhurungi, kisha hudhurungi ikaingia zambarau, kisha zambarau ikaishia katika buluu ya kupendeza macho, na mwisho buluu nayo hufifia ikawa kijivu. Jambo hili hutokea Ijuganyondo, kata ya mji wa Bukoba, kama litokeavyo kila mahali penye jiko la mkaa na kisu: mpishi huegesha kisu chake ukingoni mwa jiko akakisahau, fundi hukichoma ili atobolee dumu la plastiki, na mnoaji hukikandamiza mno juu ya jiwe la mashine hata ncha yake ikapata joto. Wote hao huziona rangi, na aghalabu hudhani kwamba ni uchafu wa moshi. Basi hukisugua kisu kwa mchanga au kwa majivu, na rangi ikiisha kutoka huamini kwamba madhara yamekwisha, ilhali kisu hakishiki tena makali kama kilivyoyashika zamani.

Rangi hizo zastahili kutazamwa kwa makini na kila mtu apendaye elimu, na zastahili zaidi kutazamwa na watu wa Buhaya, kwa sababu nchi yao ni miongoni mwa nchi chache za dunia ambazo habari za kale za chuma zimechunguzwa kwa tafsili, na kwa sababu wazee wao waliifanya feleji kwa mikono yao katika vilima hivi hivi, wakiuongoza moto kwa jicho, kwa sikio na kwa kumbukumbu, bila ya chombo chochote cha kupimia joto. Mwenye kufahamu kwa nini kisu hugeuka rangi amekwisha kukanyaga kizingiti cha elimu ile.

Rangi za kisu hazitoki katika moshi wala hazikupakwa na makaa. Chuma kikipata joto, oksijeni iliyo hewani hushikamana na uso wake na kufanya utando wa oksidi, ambao ni jamaa wa kutu, ila utando huu ni mwembamba kupita fikra: milimita moja ikigawanywa sehemu laki moja, unene wa utando wakati wa manjano ni sehemu chache tu za hizo. Nuru ikiuangukia, fungu moja la nuru hurudi kutoka juu ya utando, na fungu jingine hupenya ndani, likafika kwenye chuma chenyewe na kurudi kutoka huko, likiwa limechelewa kidogo kwa urefu wa safari yake. Sasa nuru ni mawimbi, na mawimbi mawili yakikutana, kilele cha moja kwa bonde la jingine, hutanguana. Utando ungali mwembamba, nuru inayotanguliwa ni ile ya buluu, ambayo mawimbi yake ni mafupi, na jicho huona masalio yake, yaani manjano. Utando ukinenepa, hali hiyo huhamia kwenye nuru ya kijani, ikabaki zambarau. Na ukizidi kunenepa huhamia kwenye manjano na nyekundu, ikabaki buluu. Ni kanuni ile ile inayozivika rangi nyingi mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji ya bandarini, ambayo yenyewe hayana rangi yoyote ya namna hiyo.

Robert Hooke wa Uingereza aliandika juu ya rangi za feleji katika kitabu chake cha mwaka 1665, na Isaac Newton akazitaja katika kitabu chake cha nuru cha mwaka 1704. Walakini maelezo ya mawimbi yanayotanguana yaliletwa na Thomas Young mwanzoni mwa karne ya 19. Wahunzi hawakungoja maelezo hayo. Waliona kwamba utando hukua kwa kadiri ya joto, na kwamba kila rangi ina daraja lake: manjano hafifu huonekana panapo nyuzi kama 220 za sentigredi, hudhurungi panapo nyuzi kama 255, zambarau panapo nyuzi kama 280, na buluu panapo nyuzi kama 300, ikipita hapo huja kijivu. Hivyo uso wa kisu ukawa kipimo cha joto kilichoandikwa juu ya kisu chenyewe. Kipimo hicho kina masharti yake, kwa maana chuma kilichokaa motoni muda mrefu hupata rangi ya mbele kwa joto dogo zaidi, na visu vya kisasa visivyoshika kutu, vyenye madini ya kromiamu ndani yake, huchelewa kugeuka mpaka joto lizidi sana. Lakini kwa feleji ya kawaida, iliyosuguliwa vizuri na kutazamwa katika mwanga wa kutosha, jicho la fundi mzoefu hukosea kidogo sana.

Yafaa hapa kutenga rangi hizi na rangi nyingine za chuma, ambazo watu huzichanganya. Chuma kikizidi nyuzi 500 hivi huanza kutoa nuru yake chenyewe: wekundu wa giza, kisha wekundu wa wazi, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano ya kung'aa, na mwisho weupe usiotazamika. Hiyo ni nuru ya joto, nayo hutoweka chuma kipoapo. Bali rangi za utando hubaki baada ya chuma kupoa, zikawa kama shahada iliyoandikwa kwamba chuma hiki kilifikia joto fulani, siku fulani, mkononi mwa fulani. Mhunzi huzihitaji zote mbili. Kwa nuru ya joto hujua wakati wa kufua na wakati wa kuzamisha majini. Kwa rangi za utando hujua wakati wa kukiokoa chuma na udhaifu wake baada ya kuzamishwa.

Udhaifu huo hutokana na kaboni, ambayo ndiyo roho ya feleji. Chuma kisicho na kaboni hukubali rangi zote za utando, lakini hakikubali ugumu. Mtu akikichoma na kukizamisha majini hutoka laini kama kilivyoingia. Feleji, ambayo ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, pengine nusu ya sehemu moja katika mia, huwa na tabia nyingine: ikifikishwa kwenye wekundu wa wazi na kutiwa majini ghafula, kaboni hunaswa ndani ya umbile la chuma isipate njia ya kutoka, na chuma huwa kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika kwa pigo dogo. Ndipo fundi hukirudisha motoni taratibu, akausugua uso wake ili aone, akazingoja rangi. Akitaka wembe au kisu cha makali ya kudumu hukitoa kwenye manjano. Akitaka shoka au patasi, yenye kustahimili mapigo, hukingoja mpaka hudhurungi au zambarau. Akitaka springi, ipindikayo na kurudi, huiacha mpaka buluu. Rangi yenyewe haifanyi kazi yoyote ndani ya chuma. Ni dalili tu ya kaboni iliyofunguliwa kwa kadiri. Kwa sababu hiyo kisu cha mpishi kilichogeuka buluu ukingoni mwa jiko kimepungua ugumu wake, na kusugua hakuwezi kuurudisha, kwa kuwa kilichoondoka kwa mchanga ni maandishi tu, na jambo lililoandikwa limebaki ndani.

Ikiwa kaboni ndiyo roho ya feleji, yapasa kuuliza feleji ya Buhaya ilitoka wapi kabla ya meli za chuma kupasua maji ya Ziwa Viktoria. Jawabu limo ardhini. Ardhi ya pande hizi ni nyekundu kwa madini ya chuma, na katika sehemu nyingi za Bukoba na Muleba jembe la mkulima, likichimba katika kibanja cha migomba au katika nyika ya rweya, hukutana na vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu, ambavyo ni mavi ya chuma, masazo ya matanuri ya kale. Katika Katuruka, upande wa Maruku, kusini ya mji wa Bukoba, palikuwa na makao ya Omukama Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara katika karne ya 17, ambaye wazee husimulia kwamba aliwaamuru wahunzi wake wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, mnara ambao ulianguka. Masimulizi hayo yaliufungamanisha ufuaji huo na mti mkubwa uitwao Kaiija. Mwanahistoria wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliyefika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwasikiliza wazee kwa subira, kisha akachimba mahali walipomwonyesha. Akakuta huko mkaa na mabaki ya kazi ya chuma ya zamani mno kuliko enzi ya mfalme huyo, mengine yakirudi, kwa vipimo vya kaboni, nyuma ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, pamoja na vyungu vya namna ya Urewe ambavyo ni alama ya wafua chuma wa kwanza wa Maziwa Makuu. Kumbukumbu ya watu, iliyosimuliwa kwa jina la mfalme mmoja, ilikuwa imehifadhi mahali pa kazi iliyomtangulia mfalme yule kwa zaidi ya miaka 1000.

Katika ghuba ya Kemondo, kusini zaidi kandokando ya ziwa, yalifukuliwa mashimo ya matanuri ya karne za mwanzo za Masihi, na ndani yake mabaki ya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Lakini shimo, hata likichunguzwa namna gani, halisemi lilivyotumika. Kwa hiyo mwaka 1976 Schmidt, pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa madini wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee wa Kiziba, katika kijiji cha Nyungwe, watengeneze tena chuma kama walivyotengeneza ujanani mwao. Wazee hao walikuwa hawajawasha tanuri kwa nusu karne na zaidi. Jaribio la kwanza halikufaulu kama walivyotaka, na mengine yakafuata, na kila mara mikono ilikumbuka kitu ambacho ulimi haukuwa umekitaja, hata tanuri likazaa chuma.

Kazi ilikwenda hivi. Mawe ya madini yalichomwa kwanza kwa kuni ili yakauke, yapasuke na kulegea. Shimo lilichimbwa na kukandikwa udongo wa kichuguu, udongo ambao huvumilia moto. Kisha likajazwa manyasi ya kinamasi yaliyochomwa humo humo mpaka shimo likawa na tandiko la masizi na mkaa mwepesi. Juu ya shimo lilijengwa bomba la tanuri kwa udongo huo na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, na chini yake ikaingizwa mirija minane ya udongo, kila mmoja na mvukuto wake. Mkaa na madini vikamiminwa kutoka juu kwa zamu, na wavukuta wakavukuta kwa saa nyingi pasipo kupumzika, wakiimba ili mikono isipishane. Mirija hiyo iliingia ndani sana ya tanuri, hata upepo uliopita ndani yake ulipata joto kabla ya kuufikia moto. Na mavi yaliyoyeyuka, ambayo huhitaji nyuzi 1150 au zaidi ili yatiririke, yalishuka katika tandiko la manyasi yaliyoungua, huku chuma kikikusanyika kuwa donge na kunyonya kaboni iliyokizunguka. Donge hilo halikuwa la namna moja: sehemu zake nyingine zilikuwa chuma laini, nyingine feleji yenye kaboni ya kutosha, na ilikuwa kazi ya mhunzi, akilivunja na kulifua upya, kujua kwa nyundo na kwa jicho sehemu ipi ifanywe jembe na ipi ifanywe kisu.

Schmidt na Avery waliyatangaza matokeo hayo katika jarida la Science mwezi Septemba mwaka 1978, na habari ikaenea katika magazeti ya Marekani kwamba Waafrika wa kando ya Ziwa Viktoria waliifanya feleji tangu miaka 1500 au 2000 iliyopita. Wataalamu wengine walibisha: wakauliza kama upepo katika mirija ulipata joto la kutosha kuleta tofauti, na kama ni haki kuchukua kazi ya wazee wa karne ya 20 na kuivika matanuri ya karne za mwanzo. Ubishi huo ni wa halali, na ni sehemu ya elimu. Walakini yaliyoonekana kwa macho huko Nyungwe hayakukanushwa: wazee wasiokuwa na chombo cha kupimia walitoa katika udongo, manyasi na mkaa chuma chenye kaboni, na waliutawala moto mkali kwa kuitazama rangi ya ndimi zake, kwa kuusikiliza mlio wa mivukuto, na kwa kuyapima mavi kwa namna yalivyotiririka.

Elimu hiyo ilikuwa na adabu zake. Tanuri lilifikiriwa kama tumbo la uzazi, na donge la chuma kama mtoto atokaye humo. Wafanyakazi walijitenga na wake zao wakati wa kazi, dawa na vitu vya heri viliwekwa chini ya tanuri, na mashimo madogo yaliyokutwa katika sakafu za matanuri ya Kemondo hudokeza kwamba desturi ya kuzika vitu vya namna hiyo ni ya kale mno. Mtu wa leo huweza kuziona desturi hizo kuwa ni ushirikina mtupu, lakini zilifanya kazi ambayo maandishi hufanya kwetu: zilizifunga hatua za kazi katika miiko na nyimbo, ili mtu asizisahau, asizifupishe, wala asizifichue kwa asiyestahili.

Heshima ya nyundo katika nchi za Maziwa Makuu ilikuwa kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Katika hazina ya wafalme wa Karagwe, ambako John Speke alifika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, mlikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma na vyuma vyenye umbo la nyundo na fuawe, alama za ufalme. Na kaburi la Mwami Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa mwaka 1969, karibu na kichwa chake zilikutwa nyundo za chuma. Jembe nalo lilikuwa mahari na fedha katika nchi nyingi za pande hizi. Na sifa ya chuma cha Afrika Mashariki haikuishia bara, kwa maana al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyeandika katika karne ya 12, alitaja chuma cha Malindi na cha Sofala, akasema kwamba wafanya biashara walikipeleka India, ambako kilifuliwa panga zilizosifiwa.

Ni haki kusema pia kwamba wahunzi wa Afrika kusini ya Sahara, kwa ushahidi wa vyuma vya kale vilivyochunguzwa, walitegemea nyundo zaidi kuliko maji: hawakuwa na mazoea makubwa ya kuzamisha feleji na kuirudisha motoni kwa kipimo cha manjano na buluu. Kisu kilichofuliwa kwa baridi hupata ugumu wake wa nyundo, nao hutosha kwa kumenya ndizi na kuchinja mbuzi, na kikikunjika hunyooshwa, kikipata ubutu hunolewa juu ya jiwe. Neno hili halipunguzi heshima ya wahunzi wa Buhaya. Ustadi wao mkubwa ulikuwa mahali pengine, katika kuizaa feleji yenyewe, kazi iliyo ngumu kuliko kuizamisha.

Kazi hiyo ilikufaje? Haikufa kwa kuwa chuma chake kilikuwa kibaya. Emin Pasha alisimika boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Na meli za ziwani, zilizoungana na reli hiyo, zikaleta majembe na mapanga ya Ulaya kwa bei ambayo tanuri la mkaa halikuweza kushindana nayo. Kisha kahawa ikawa mali ya Buhaya, kodi ikadaiwa kwa sarafu, na kijana ambaye baba yake angemfundisha kuvukuta akaona faida zaidi katika kuchuma na kuanika buni. Mkaa nao ulikuwa umekwisha kuigharimu misitu ya pwani ya ziwa tangu zama za Kemondo. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 matanuri yakapoa, na wahunzi waliobaki wakageuka kuwa wafuaji wa chuma kilichozaliwa kwingine.

Wahunzi hao wangalipo. Katika karakana ndogo za mji wa Bukoba na za vijiji vya Muleba springi ya gari iliyokatika hununuliwa, hukatwa, huchomwa, hufuliwa, na hutoka ikiwa panga, mundu au kisu cha kupogolea migomba. Na fundi aitiaye springi hiyo majini, kisha akairudisha motoni na kuitazama ikigeuka manjano, akaitoa kabla ya zambarau, anafanya kwa jicho lake kazi ambayo Hooke na Newton waliiandika, juu ya chuma chenye kaboni ile ile ambayo wazee wa Nyungwe waliipata katika manyasi ya kinamasi. Springi huja ikiwa ya buluu kwa ugumu wake, kwa kuwa ndivyo springi zifanywavyo. Fundi huiondoa katika hali ile kwa moto mkali na kuipa hali nyingine inayofaa makali. Aghalabu hakufundishwa haya shuleni. Alifundishwa na mtu mwingine, akisimama kando yake motoni.

Hapa ndipo pana wajibu wetu. Mwalimu wa Ijuganyondo anayefundisha kemia anacho kisu, anacho jiko la mkaa, na anao wanafunzi ambao, baada ya kuona manjano ikigeuka buluu mbele ya macho yao na kuambiwa sababu yake, wanaweza kupelekwa Katuruka na Kemondo kuuona udongo ambao ulizaa feleji. Somo la oksidi, la nuru, la kaboni na la historia ya nchi yao litakuwa somo moja, nalo halitahitaji kuagizwa kutoka popote. Pia anaye jirani fundi, ambaye anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mwaka 1976 elimu ya tanuri la Kihaya iliokolewa kwa sababu wazee wachache walikuwa hai, na kwa sababu mtu alikwenda akawauliza na akangoja mpaka mikono yao ikumbuke. Lau ulizo lile lingechelewa miaka kumi, tusingekuwa na chochote ila mavi ya chuma na mabishano juu yake. Wazee wale wamekwisha kwenda. Mafundi wa springi wapo, na ulizo kwao halina haja ya kungoja mgeni kutoka ng'ambo: mwanafunzi mwenye daftari na adabu aweza kuliuliza juma hili.